Mahari Ikawa Safari

Wapo walioharibu posa kwa ulevi, wapo walioharibu kwa siasa, na wapo waliomsengenya mama mkwe kumbe yuko nyuma ya pazia. Mimi niliharibu kwa tone la maji. Tone moja tu, dogo kuliko punje ya mchele, lililokaa kwenye mrija wa plastiki nyuma ya sikio langu la kulia tangu saa tisa usiku hadi saa saba mchana. Halikuwa na haraka.

Lakini bila sikio kisa hakieleweki, kwa hiyo nianze na sikio.

Mwaka jana sikio la kushoto liliziba kama la mtu aliyetoka kupiga mbizi Coco Beach. Nikaruka kwa mguu mmoja, nikatikisa kichwa, maji hayakutoka kwa sababu hayakuwemo. Likaja na mvumo usiozimwa, kama jenereta la jirani. Baada ya wiki tano likafuata la kulia. Mke wangu akasema nimekuwa jeuri, naitwa siitiki. Jirani mmoja akaleta mafuta ya vitunguu saumu, nikatiwa matone matatu, nikanuka kama pilau siku mbili. Ndugu zangu, mafuta yale yanaishia kwenye ngoma ya sikio. Tatizo langu lilikuwa nyuma ya ngoma, kwenye koklea, kile kijumba kilichojipinda kama konokono ndani kabisa ya mfupa. Huko hata ukimimina galoni halifiki.

Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza hivi: kinga ya mwili ni sungusungu. Kazi yao kukamata wezi usiku. Sasa sungusungu wangu wamemkuta mwenye nyumba anafungua mlango wake mwenyewe, wakamshukia kwa virungu. Mwenye nyumba ni sikio la ndani. Aliyeyaandika haya kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea ni daktari wa Marekani, Brian McCabe, mwaka 1979, akiwa na wagonjwa 18 tu. Nilijisikia mtu wa maana kidogo. Ukoo wetu hatujawahi kuwa na ugonjwa wa watu wachache.

Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuunyooshea kidole. Daktari anaangalia mwendo: uziwi wa uzee unakuja kwa miaka, huu unakuja kwa wiki au miezi, unapanda na kushuka, na mara nyingi unagusa masikio yote mawili, ingawa moja linaumia zaidi. Alinimulika macho pia, maana kuna ugonjwa mwingine, ndugu yake huu, uitwao Cogan, unaoshika masikio na macho kwa pamoja. Macho yangu yalikuwa mazima. Kisha anakupa dawa ya kuwalaza sungusungu, na sikio likiamka, hapo ndipo ugonjwa umejitaja.

Dawa yenyewe ni prednisoloni. Kabla ya kuimeza nilipimwa sukari, presha, homa ya ini, na kifua kikapigwa picha kutafuta kifua kikuu, kwa sababu sungusungu wakilala, wezi waliojificha siku zote wanatoka. Kisha nikaandikiwa miligramu 60 kila asubuhi. Vidonge vya kwetu vingi ni vya miligramu 5, kwa hiyo ni vidonge 12, kiganja kizima, kama mtu anayetafuna karanga. Vinamezwa baada ya chakula, na asubuhi, si jioni. Unakaa navyo wiki nne hivi, halafu unashuka ngazi polepole. Ukiacha ghafla umejitafutia balaa, maana tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza dawa ya asili ya namna hiyo, nazo zimeshajua kuna mtu anafanya kazi yao, zimelala.

Sikio liliamka, si lote. Kwenye odiogramu, ile chati ya usikivu inayoshuka kama ngazi ya kuvunjika, kwa sikio la kulia sauti nzito nazisikia vizuri tu kwenye desibeli 30, kipimo cha ukubwa wa sauti, lakini ukifika kwenye sauti nyembamba za hezi 4000, zinakokaa herufi kama s, f na t, mpaka unipigie 70. Maneno 25 waliyonisomea, kulia nilipata 19. Kushoto nilipata saba, na mawili kati ya hayo nilibahatisha. Nikapewa shimesikio mbili, yaani mashine za kusaidia kusikia, za kukaa nyuma ya sikio, kila moja na mrija wake na moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio langu, ikiingia inaziba kama kizibo cha chupa.

Sasa kuhusu prednisoloni. Wakikwambia inaleta njaa usidhani ni njaa hii unayoijua. Hii inakuamsha, inakushika mkono, inakupeleka jikoni. Nilikuwa nakula ugali wa watu watatu halafu nauliza chakula kinaiva saa ngapi. Na usingizi unaondoka. Saa nane usiku macho makavu kama taa ya barabarani, akili inakimbia, unataka kufua mapazia. Uso nao umevimba mviringo, watu wanakwambia, "Umenawiri, maisha yamekunyookea!"

Katika hali hiyo, wiki ya tatu ya dawa, ndipo rafiki yangu wa miaka mingi akaja kuniomba niwe mshenga wa mwanawe. Kijana ananiita baba mdogo, nimemwona akitambaa. Barua ya posa ilishapelekwa na kujibiwa, kilichobaki ni kwenda Mbagala kwa wakwe kusikia mahari. Rafiki yangu alisema kwa heshima zote, "Wewe kazi yako ni kusikiliza tu." Nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo niseme ukweli wa sisi wenye masikio mabovu. Ugonjwa wetu mkubwa uko shingoni. Mtu akisema usichosikia, unatabasamu na kutikisa kichwa. Akicheka, unacheka. Tulishafundishwa dawa yake: usiseme "eeh?" kama mbuzi, rudia ulichosikia halafu uulize kilichokosekana, "Umesema tukutane Jumamosi, saa ngapi?" Mwenzako atakupa kipande kimoja tu na hatachoka. Najua hilo kama ninavyojua namba yangu ya simu. Na bado shingo inanitangulia.

Usiku wa kuamkia safari, usingizi hakuna. Saa tisa nikaona bora nizisafishe shimesikio zangu ziende ukweni zinang'aa. Utaratibu ni huu: moldi na mrija wake unavichomoa kutoka kwenye mashine, mashine haiguswi na maji hata kidogo. Moldi unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, spiriti usiweke kwa sababu inakausha plastiki ikapasuka. Unasuuza. Kisha maji yaliyobaki ndani ya mrija unayatoa kwa kile kipuliza cha mpira, kama pampu ndogo, halafu unaiacha ikauke mpaka asubuhi kabla ya kuirudishia. Kipuliza changu mjukuu alikuwa amekifanya bastola ya maji. Nikapuliza kwa mdomo.

Mdomo una unyevu, bwana. Na Dar ya Februari hewa yenyewe unaweza kuikamua. Moldi ya kushoto ikatoka maji. Ya kulia, ile ya sikio langu zima, tone moja likabaki kwenye kona ya mrija. Mimi nikazirudishia zote mbili palepale, nikala viporo vya maharage, nikangoja kuche.

Tulitoka Tabata saa tatu, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye dereva. Nikaanza kuona dunia imekuwa ya pamba. Kulia kuna mvumo wa injini, basi. Nikadhani ni betri. Betri zangu ni za namba 13, zile zenye stika ya rangi ya machungwa, hunikaa siku kumi hadi kumi na nne, nikahesabu nikaona zimebakiza siku tano. Nikasema labda ni foleni tu, nikifika patatulia. Barabara ya Mandela siku hiyo ilikuwa imekaa vizuri ajabu. Chini ya flaiova ya Tazara tukapita kama msafara wa kiongozi, Kilwa Road nyeupe, Mbagala tukaingia mapema hadi ikabidi tusubiri kwenye kibanda cha chipsi. Nikala mbili kavu. Shemeji akanitazama. "Dawa," nikamwambia.

Tukakaribishwa. Chumba cha wageni, laiti ningekichora! Sakafu ya vigae vitupu, zulia hakuna, sauti inaruka kama mpira. Pangaboi juu, kasi ya tano. Televisheni kwenye kona inaonyesha mpira wa Uingereza. Mzee mwenyeji amekaa na dirisha mgongoni, mwanga wote unanijia mimi usoni, yeye nikimtazama namwona kivuli chenye kofia. Na alikuwa na masharubu, si haya ya kuchora. Masharubu ya heshima yaliyofunika mdomo wa juu wote. Mtu anayesoma midomo anataka uso uwe kwenye mwanga, umbali wa mita moja hivi, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nasoma brashi.

Kiti cha mshenga nacho kilikuwa kimeandaliwa, chenye kitambaa cha kufumwa, upande wa kulia wa mzee. Maana yake sikio langu lililoelekea kwake ni la kushoto, lile la maneno saba. Ukweni unasemaje, "Samahani baba, naomba nihame"? Nikakaa.

Mzee akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa ya watu wazima wa pwani, ndogo, laini, haina haraka. Iliniingia kama redio ya jirani kupitia ukutani: unajua mtu anaongea, unajua ni mwanamume, unajua si taarifa ya habari. Nikatikisa kichwa. Akaendelea. Nikatikisa. Akahesabu kitu kwa vidole, nikadhani anataja watoto wake, nikasema, "Mashallah."

Kisha sauti ikapanda mwishoni, kama swali. Na hapa nawaomba muwe makini, maana kosa langu lina sayansi. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina sauti nzito na yenye nguvu, mimi nazipata hata kwenye tone la maji. Konsonanti nyingi ni nyembamba na dhaifu, ndizo zinazopotea. Kwa hiyo Kiswahili kinanifikia kimeng'olewa meno. Nilichokipata ni hiki: "... a-a-i hii mnaionaje?"

A-a-i. Mgeni umetoka Tabata, umefika Mbagala, unaulizwa a-a-i mnaionaje. Mtu mwenye akili zake atasikia nini? Safari!

Nikajinyoosha kwenye kiti. Nikamjibu kwa sauti kubwa, kwa sababu tusiosikia tunadhani wote hamsikii: "Aah, nyepesi sana baba! Mjini walitutisha kwamba itatutoa jasho, kumbe hamna kitu!"

Mzee akasogeza kofia. Nikaona nimempendeza, nikaongeza: "Hata ingekuwa mara mbili yake, tusingelalamika!"

Nyuma ya pazia vikalipuka vigelegele. Na kigelegele kwa mtu wa aina yangu ni mkasi wa bati ndani ya kichwa, kwa sababu koklea iliyoumia ina ujinga mmoja: sauti ndogo haisikii kabisa, kubwa ikija inaumia kuliko ya mtu mzima wa masikio. Kati ya "sisikii" na "usinipigie kelele" kuna uchochoro mwembamba. Nikafumba macho kwa maumivu. Wao wakaona mshenga amefumba macho kwa furaha. Shemeji akanikanyaga mguu. Nikadhani ananiambia nikae vizuri. Nikakaa vizuri.

Mzee na ndugu zake wawili wakatoka nje chini ya mwembe kushauriana. Sikujua wanashauriana nini. Shemeji alikuwa ananisemea sikioni kwa mnong'ono, na mnong'ono hauna sauti nzito hata chembe, wote ni upepo na konsonanti. Kuninong'oneza mimi ni sawa na kunipulizia vumbi. Nikamwonyesha kwa kidole: ngoja nibadilishe betri.

Hapo nikafanya kosa la pili. Betri hizi zinafanya kazi kwa hewa. Zina vitundu vidogo vilivyofunikwa na ile stika. Ukiibandua, unaiacha betri wazi dakika moja nzima ivute hewa, ndipo unaifungia. Mimi nikabandua, nikachomeka, nikafunga, sekunde tano. Kulia kimya. Nikabandua ya pili. Kimya. Ya tatu. Na stika ikishabanduliwa, hata ukiirudishia, betri imeshaanza kuzeeka. Nilikuwa nimezifungua betri tatu nzima kutafuta sauti iliyokuwa imezibwa na tone la maji.

Ikaletwa sinia ya sambusa. Shemeji akachukua moja kwa adabu. Mimi, prednisoloni ikachukua ya kwanza, ikachukua ya pili, nikawa natazama tu mkono wangu ukienda na kurudi. Soda nilikataa. Dawa hii inapandisha sukari, kwa hiyo soda sigusi, nikajiona mtu wa nidhamu ya hali ya juu huku nakwenda kwenye sambusa ya tisa.

Wazee wakarudi. Mzee akasema maneno machache, mazito. Nikatikisa kichwa. Akamaliza na swali, na mimi nikasikia: "... o a-a-i?"

Sasa habari ya safari ilishapita. Nikapekua ghala: a-a-i, a-a-i. Nikaona anauliza kama njiani kulikuwa na hatari. Swali la kiungwana, na barabara zetu mnazijua.

"Hakuna baba!" nikasema.

Chumba kikapoa. Mzee akasogea mbele, akarudia polepole, na mimi nikasikia kama, "Hakuna hatari?"

"Hakuna kabisa! Wala msihangaike."

Alichosema mwanzo, nilikuja kuambiwa, ni "Kwa hiyo mko tayari?" Na mara ya pili, "Hamko tayari?" Yaani mshenga aliyesema mahari ni nyepesi, akajisifu angebeba mara mbili yake, akapewa mara mbili yake, sasa anasema hawako tayari na watu wasihangaike. Mdomoni ana sambusa.

Shangazi wa binti akatoka nyuma ya pazia kuokoa jahazi. Mama mtu mzima, khanga kiunoni na nyingine kichwani, akaniinamia kwenye sikio la kushoto aniulize kwa siri nina tatizo gani. Akasogeza uso na khanga yake karibu kabisa na shimesikio. Kitu chochote kikiikaribia hivyo, sauti inayovuja pembeni ya moldi inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa, inavuja tena, inakuzwa tena, na mashine inapiga mluzi. Ikapiga. Fiiiii!

Shangazi akaruka nyuma, akagonga sinia. "Huyu baba ana kitu!" akapiga kelele. "Kimenipigia mluzi!" Mtoto mmoja akakimbia. Hilo nililisikia vizuri sana, hata mimi.

Mzee hakutaka tena maneno. Akachukua bahasha ya barua ya posa, akaigeuza, akaandika kwa kalamu, akanikabidhi. Kwa maandishi meupe kabisa: *Mahari 3,000,000.* Juu yake palikuwa na nyingine iliyokatwa mstari mmoja: *1,500,000.*

Mahari. Nikaitazama ile herufi ya kwanza. M. Kisha a-a-i ikanipanda kutoka tumboni, pamoja na sambusa zote.

Jasho likanitoka, jasho la kweli, lile nililosema mjini walinitisha nalo. Nikaivua shimesikio ya kulia mbele ya wakwe, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Na pale kwenye kona ya mrija, linang'aa kama almasi ya Mwadui, limekaa tone. Nikachomoa moldi, nikaukung'uta mrija kwa nguvu, tone likaruka, nikalifuata kwa macho mpaka kwenye kofia ya mzee. Nikarudishia. Pangaboi likaingia kichwani kama helikopta, mpira wa Uingereza ukaingia, kuku wa nje akaingia, na sentensi ya kwanza safi niliyoisikia siku ile ilitoka kwa shemeji, hajui kama nimesharudi:

"Punguani huyu ametuuza."

Nikasimama, nikaomba radhi. Nikaeleza kila kitu: sungusungu, vidonge kumi na viwili, tone. Nikawaambia mahari, safari, hatari na tayari kwangu ni neno moja, na bila kuona midomo sina namna ya kuyatenga. Mzee hakuamini. Akajifunika mdomo kwa kofia, akasema neno. Nikasema, "Safari." Alisema "tayari". Akajaribu tena. Nikasema, "Mahari." Alisema "hatari". Bibi mzaa baba, aliyekuwa kimya kwenye mkeka muda wote, akaomba zamu. Shangazi naye akafunika mdomo kwa khanga. Wakaanza kufanyiana wenyewe kwa wenyewe, na kwa lile pangaboi wakawa wanakosa vilevile. Bibi akakosa yote, akasema mshindi ni yeye.

Nikaona hapohapo niombe haki yangu, kwa kuwa aibu yote nilishaimaliza. Televisheni ikazimwa. Pangaboi likazimwa, wote tukaanza kutota. Mzee akageuzwa, akalitazama dirisha, na mimi nikahamia upande ambao sikio la kulia linamwelekea. Masharubu nilimwachia, yana mipaka yake. Nikamwambia asipige kelele, maana kelele inaharibu umbo la maneno. Aseme kawaida, polepole kidogo, na tarakimu zote ziandikwe. Hata kwa anayeona midomo kuna mitego: m, b na p zinafanana kabisa machoni, "mama", "baba" na "papa" ni mdomo uleule.

"Kwa hiyo," mzee akasema, na nikamsikia kila herufi, "ulipotaka mara mbili yake, ulitaka mara mbili ya barabara."

"Ndiyo baba."

"Na sambusa umezila ngapi?"

Hilo nilitamani nisilisikie. Mtoto aliyekimbia mluzi akarudi kwa kazi hiyo maalumu, akahesabu zilizobaki kwenye sinia. Nilikuwa nimekula kumi na moja. Mzee akakata mstari milioni tatu, akapiga hesabu pembeni, sambusa moja shilingi 500, akaandika upya: *Mahari 1,505,500.* Akaisaini. Mbuzi mmoja, aliyeongezwa kule chini ya mwembe, hakumwondoa. Alisema huyo ni wa kofia yake.

Bwana harusi mtarajiwa alipoiona ile bahasha aliniuliza hizo elfu tano na mia tano ni za nini. Nikamwambia ni za kimila.

Tulipoagana jua lilikuwa limekaza. Mzee akanisindikiza mpaka getini, mkono begani, tumeshakuwa ndugu. Akasimama akanieleza jambo kwa furaha, na wakati uleule daladala la Rangi Tatu likapita na honi yake na konda anapiga bati. Nikamwona anasubiri jibu, anatabasamu.

Nikatikisa kichwa. Akanishika mkono kwa nguvu, akauliza tena kitu kifupi. Nikatikisa tena.

Ndani ya gari nikamuuliza shemeji, "Kasemaje pale mwisho?"

Shemeji akawasha injini, akafunga mkanda, akangoja mpaka tumeingia Kilwa Road.

"Jumamosi anamwaga zege la ghorofa ya pili. Kakuuliza kama utakuja kusaidia kubeba ndoo. Ukakubali. Kakuuliza saa kumi na mbili asubuhi si mapema sana? Ukakubali."